Ua mmoja, serikali mbili

Kengele ya shule yetu ni rimu ya gurudumu la lori, imening'inizwa kwenye tawi la mwembe. Ikigongwa asubuhi, watoto wangu wa chekechea hukimbilia chumba cha mwisho, na kaka na dada zao wa gredi ya kwanza huingia chumba kinachofuata. Kati ya vyumba hivyo viwili kuna ukuta mmoja wa mawe ya matumbawe. Mwalimu wa upande ule akisomesha hesabu, namsikia. Watoto wangu wakianza kuimba, yeye huweka chaki chini akangoja tumalize.

Upande wangu wa ukuta ni wa serikali ya kaunti. Upande wake ni wa serikali ya kitaifa. Mimi nimeajiriwa na kaunti, yeye ameajiriwa na TSC, tume ya kitaifa ya kuajiri walimu. Mwembe ni mmoja, kengele ni moja, mfereji wa maji ni mmoja, na mama anayeuza viazi karai langoni ni huyohuyo kwa wote. Serikali ndizo mbili.

Msomaji wa Dar au Unguja akisikia "serikali mbili" atafikiria Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, na rasimu ya katiba ya tume ya Jaji Warioba iliyopendekeza tatu, na Bunge Maalumu la 2014 lililorudi kwenye mbili. Hayo ni mazungumzo mazito na yana wenyewe. Yangu ni ya Kenya, ambako serikali ni 48: moja ya kitaifa na 47 za kaunti. Nataka kuyaeleza nikiwa nimesimama pale zinapogusana, kwa sababu wengi wanaoandika kuhusu ugatuzi, yaani kugawia kaunti madaraka, huandika kutoka Nairobi, na kutoka Nairobi mguso huo hausikiki.

Nilianza kazi hii 2009, nikiwa na miaka 21. Mshahara wangu ulitoka kwa wazazi. Mwisho wa mwezi nilikaa kwenye kigoda mlangoni na daftari mkononi, na kila mzazi alileta alichojaliwa. Wengine shilingi mia, wengine hamsini, na mvuvi mmoja alileta fungu la samaki, tukaandika kuwa amelipa. Nchi ilikuwa na wizara nzima ya elimu, lakini anayemlea mtoto wa miaka minne hakuwemo katika hesabu zake za mishahara. Nayasema haya mapema kwa sababu huko mbele nitalalamika, na sitaki mtu adhani natamani tulikotoka.

Katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni tarehe 4 Agosti 2010, na kuzinduliwa na Rais Mwai Kibaki tarehe 27 mwezi huohuo, ndiyo iliyoniingiza kwenye orodha. Magavana wa kwanza walichaguliwa Machi 2013, na baadaye kaunti zikaanza kuajiri walimu wa chekechea. Barua yangu ya ajira nilimsomea mama mara mbili. Mara ya pili aliniomba nisome polepole.

Ukitaka kujua nani anafanya nini, fungua Jedwali la Nne mwishoni mwa Katiba. Si refu. Sehemu ya kwanza ina kazi za serikali ya kitaifa: mambo ya nje, ulinzi, polisi, sarafu, vyuo vikuu, shule za msingi na za upili, hospitali za kitaifa za rufaa, barabara kuu. Sehemu ya pili ni ya kaunti: kilimo, zahanati na hospitali za kaunti, barabara za kaunti, masoko, maji na majitaka, zimamoto, hata leseni za mbwa. Na elimu ya chekechea.

Ukisoma mara ya kwanza utaona kila kitu kimekaa mahali pake. Soma mara ya pili huku ukimfikiria mtoto mmoja. Sera ya elimu, viwango, mtaala na mitihani vyote ni vya kitaifa. Kwa hiyo kaunti hunilipa, lakini ninachofundisha kimepangwa na taasisi ya mitaala iliyoko Nairobi, na namba yangu ya usajili wa ualimu imetolewa na TSC, tume ileile ambayo haikuniajiri. Mtoto akimaliza PP2, mwaka wa pili na wa mwisho wa chekechea, anavuka ukuta wa matumbawe na kuwa wa serikali nyingine. Hajatembea hata hatua ishirini.

Katiba iligawa kazi. Ua haikuugawa. Nani anamlipa mlinzi wa usiku? Bili ya maji ya mfereji ule, ya nani? Tawi la mwembe likivunja bati la darasa langu, niende kwa nani? Ibara ya 6 inasema serikali za ngazi hizi mbili ni tofauti na zinategemeana, na zitahusiana kwa njia ya mashauriano na ushirikiano. Wazee wetu walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Katiba yetu ikawaweka zizini na kuwaagiza washauriane. Mimi naamini inawezekana, lakini si kwa kuandikwa tu.

Wenzetu wa Marekani walianzia upande mwingine. Walipoandika katiba yao 1787, majimbo 13 yalikuwepo tayari, kila moja na bunge lake na sheria zake. Majimbo ndiyo yaliyokubali kuikabidhi serikali mpya ya shirikisho sehemu ya nguvu zao. Ndiyo maana badiliko la 10 la katiba hiyo, la mwaka 1791, linasema mamlaka ambayo shirikisho halikukabidhiwa yanabaki kwa majimbo au kwa wananchi. Neno elimu halimo kabisa katika katiba yao, kwa hiyo shule zikawa za majimbo. Kwetu ni kinyume: kwa Ibara ya 186, kazi ambayo haikupewa kaunti ni ya serikali ya kitaifa. Jambo likisahauliwa kuandikwa, kule linamwangukia gavana na huku linaangukia Nairobi. Ndiyo moja ya sababu wanasheria husisitiza kuwa ugatuzi wetu si shirikisho. Nakubali, ingawa India ni shirikisho na huko pia mabaki huenda serikali kuu. Jina la mfumo halitoshi kukuambia nani ana nguvu.

Hata hivyo, lipo jina ambalo Kenya tulikuwa nalo tangu zamani, na leo watu hulikwepa. Majimbo.

Katiba ya uhuru ya 1963, iliyojadiliwa Lancaster House kule London, iligawa nchi katika majimbo saba na eneo la Nairobi. Kila jimbo lilikuwa na bunge lake, na kulikuwa na Seneti ya watu 41. Chama cha KADU ndicho kilichoupigania mpango huo, kwa hofu kwamba makabila makubwa ndani ya KANU, chama cha Kenyatta, yangeyameza madogo. Viongozi wake watatu, Ronald Ngala wa hapa Pwani, Masinde Muliro na Daniel arap Moi, wote waliwahi kuwa walimu. Ngala akawa rais wa bunge la Jimbo la Pwani. Mimi humfikiria kama mwenzangu wa chaki aliyejaribu kuleta maamuzi karibu na mtoto.

Majimbo hayakumaliza miaka miwili. Hakuna aliyeyavunja kwa bunduki. Serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ilichelewa kukabidhi kazi na ikabana fedha, mabunge ya majimbo yakabaki na viti na karatasi. Novemba 1964 KADU ilijivunja, wabunge wake wakahamia KANU, na tarehe 12 Desemba nchi ikawa jamhuri yenye nguvu zote mahali pamoja. Seneti nayo ikafuata njia hiyohiyo miaka michache baadaye. Kisha, kwa sheria ya 1969, mabaraza mengi ya wilaya yakanyang'anywa elimu ya msingi, afya na barabara. Yalibaki na masoko na uchafu wa masoko.

Neno lenyewe halikufa. Lilirudi miaka ya tisini likiwa na sura nyingine.

Nilizaliwa Likoni, Mombasa, ng'ambo ya feri. Agosti 1997 nilikuwa na miaka tisa. Usiku wa tarehe 13 wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua polisi na kuchukua bunduki, na siku zilizofuata wakawaandama watu wa bara. Waliouawa Likoni na maeneo ya jirani walizidi 100, na waliokimbia makwao walikuwa maelfu kwa maelfu. Waliowachochea vijana walikuwa wamewafundisha kuwa majimbo maana yake ni kila mtu arudi kwao. Jirani yetu aliyeuza mboga, mama kutoka Murang'a kule bara aliyeniogesha nikiwa mchanga, alilala siku mbili chini ya kitanda chetu. Siku ya tatu baba alimvusha kwa feri akiwa amevaa buibui la mama. Hakurudi tena. Miezi mitatu baadaye buibui lilifika kwa posta, limefuliwa na kukunjwa vizuri, na ndani yake pakiti ya majani ya chai.

Kwa hiyo mtu akiniambia kuwa majimbo ni neno tu, siwezi kumkubalia. Walioandika Katiba ya 2010 walifanya vyema kuliacha. Waligawa nchi vipande 47, kila kimoja kidogo kiasi cha kutoweza kujifanya nchi, na katika Ibara ya 39 wakaandika kuwa kila raia ana haki ya kuingia, kukaa na kuishi popote Kenya. Nikiwafundisha watoto wimbo wa kaunti zetu, huwaambia kaunti ni ya anayeishi ndani yake. Darasani kwangu wamo Wadigo, Waluo, Wakamba, Wakikuyu, Waduruma. Wote hulipiwa mwalimu na gavana mmoja.

Na waliandika jambo la pili, ambalo wengi huliona la wahasibu na mimi naliona ndilo roho ya yote. Waliandika pesa. Mtego uliowaua Ngala na wenzake kisiasa ulikuwa wa fedha, na safari hii ulinzi uliwekwa kwenye Katiba yenyewe. Ibara ya 203 inasema kaunti kwa jumla zitapata si chini ya asilimia 15 ya mapato yanayokusanywa na serikali ya kitaifa. Bila hiyo zingekufa mapema, kwa sababu kodi nono zote, ya mapato, VAT na ushuru wa forodha, hukusanywa na serikali ya kitaifa. Kaunti zimeachiwa kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani, na ada za maegesho, masoko na leseni. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na kaunti zetu nyingi ni wategemezi hasa.

Mgao wa mwaka wa fedha 2013/14 ulikuwa shilingi bilioni 190. Mwaka 2023/24 ulifika bilioni 385.4. Ni pesa nyingi, na nimeziona kwa macho yangu: zahanati mahali palipokuwa na kichaka, gari la wagonjwa, mwalimu wa chekechea mwenye hati ya mshahara. Lakini angalia hesabu inavyofanywa. Asilimia 15 haihesabiwi kwa mapato ya mwaka huu. Inahesabiwa kwa mwaka wa karibuni ambao hesabu zake zimekaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa, na kuidhinisha huchelewa. Ni kama kumgawia nduguyo nazi za leo kwa hesabu ya miaka ile minazi ilipokuwa mifupi. Mgao hupita asilimia hiyo kwa karatasi, na mwenye kupunjwa hana kifungu cha kushika.

Tena pesa zikishapitishwa bado si pesa. Hutoka Hazina kwa mafungu, na mafungu huchelewa. Mwaka 2020 Seneti, iliyorudishwa na Katiba ya 2010, ilijaribu karibu mara kumi kukubaliana juu ya fomula ya kuzigawia kaunti. Zenye watu wengi zilidai mtu mmoja, shilingi moja. Zile kame, zenye ardhi pana na barabara chache, zilisema zingepoteza mabilioni baada ya kusahauliwa tangu ukoloni. Mimi nilikuwa upande wa zile kame, japo kaunti yangu haimo kati yake, kwa sababu najua maana ya kuanza nyuma ya mstari. Mwishowe walikubaliana kwa kuongeza sufuria: jumla ingepanda kutoka bilioni 316.5 hadi 370, na hakuna kaunti ambayo ingepungukiwa. Wakati wanavutana, magavana walitangaza kuwa watafunga kazi za kaunti. Maseneta hawakukopa unga dukani wiki zile. Wafanyakazi wa kaunti walikopa.

Mama yangu ana kisukari. Tarehe 5 Desemba 2016 madaktari wa hospitali za umma waligoma nchi nzima, wakakaa nje siku 100. Walidai makubaliano ya mishahara waliyotia saini na serikali ya kitaifa 2013, kabla ya afya kukabidhiwa kaunti. Kaunti zikasema: hatukuwepo, hatukusaini. Serikali ya kitaifa ikasema: waajiri wenu sasa ni kaunti. Februari viongozi wa chama cha madaktari wakafungwa jela. Sisi tulimpeleka mama kwenye kliniki ya kulipia kila wiki mbili, tukauza mbuzi, kisha mashine ya kushonea. Sikuwachukia madaktari. Nilichokiona ni kwamba kazi ilihamishwa na deni likaachwa njiani, katikati ya serikali mbili, na aliyejikwaa juu yake ni mgonjwa.

Mpaka wenyewe pia hubadilika kutegemea nani anauangalia. Nairobi, kaunti huwapikia watoto wa shule za msingi chakula cha mchana na mzazi huchangia shilingi tano, ingawa kwa Jedwali la Nne watoto hao ni wa serikali ya kitaifa. Mapema 2025 Mdhibiti wa Bajeti alizikataza kaunti kuendelea kutoa basari, yaani msaada wa karo, za shule za upili mpaka ziwe na makubaliano ya maandishi na serikali ya kitaifa, maana upili si kazi yao. Magavana walikwenda mahakamani. Kisheria nilimwelewa Mdhibiti, tena kikamilifu. Lakini jioni ile alinijia mwanafunzi wangu wa zamani, sasa yuko kidato cha tatu, akauliza: "Mwalimu, sasa sisi ni wa nani?" Nilimpigia mama yake simu tukaongea mambo mengine.

Nirudi uani kwetu, kwenye vyoo.

Watoto wangu hawakuwa na choo. Walitumia cha shule ya msingi, ambacho matundu yake ni ya watu wakubwa. Mtoto wa miaka minne akichungulia tundu lile huona giza la kumeza. Hujizuia. Hujizuia mpaka anajikojolea kwenye mkeka, kisha hulia kwa aibu, na darasa zima huacha kuimba. Mwaka juzi nilihesabu muhula mmoja, nikafika 31, nikaacha kuhesabu.

Nilianza kwa mwalimu mkuu, mtu mwema. "Mwalimu," aliniambia, "pesa ninazoletewa zimehesabiwa kwa vichwa, kuanzia gredi ya kwanza. Nikijengea chekechea, mkaguzi atanishika." Nikaenda ofisi ya kaunti inayotuhusu. Yule dada alinisikiliza vizuri, kisha akasema: "Ardhi ile ni ya shule ya msingi. Hatujengi kwenye ardhi isiyo yetu bila barua." Nikaenda kwenye ofisi ya CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge. Wakaniambia pesa zao ni za kazi za serikali ya kitaifa tu, na chekechea si mojawapo. Ofisi tatu, na kila mmoja alisema kweli kwa mujibu wa sheria yake. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Ningekutana na mwizi au mvivu ningejua la kufanya.

Nikaandika karatasi moja kwa mkono. Juu niliweka maneno ya Ibara ya 6, mashauriano na ushirikiano. Chini yake mistari mitatu: shule itatoa ardhi na maji, kaunti itajenga matundu manne madogo na kuyatunza, wazazi watamlipa wa kusafisha. Kisha nafasi za saini. Ilinichukua miezi minne kuwakutanisha, mara mheshimiwa wa wadi ana kikao, mara mwalimu mkuu ana semina. Mwisho walikaa pamoja chini ya mwembe, kwenye viti vidogo vya watoto maana hatukuwa na vingine, magoti yamewafika kidevuni. Mama wa viazi karai alisimama kwa niaba ya wazazi. Hakutaja katiba. Aliwaomba wamfuate akawaonyesha tundu lile, akamsimamisha mjukuu wake pembeni yake. Karatasi ilitiwa saini siku ileile.

Mashimo yamechimbwa na kufunikwa zege. Kuta zimefika urefu wa kifua changu. Fundi anangoja mabati, na mabati yanangoja fungu la robo ya tatu kutoka Hazina. Wiki iliyopita mtoto mmoja wa PP1 aliingia kati ya kuta zile zisizo na paa, akachuchumaa juu ya zege kupima, akatoka amefurahi.

"Mwalimu, kitafunguliwa lini?"

"Mabati yakija."

Akaenda langoni, akashika nondo kwa mikono miwili, akawa anaangalia barabara.